Nilitoka Fizikia Nikaingia Uhandisi wa Anga: Yale Niliyokuwa Nikiyapuuza

Katika miaka ya shahada yangu ya fizikia, maneno niliyoyaandika mara nyingi kuliko yote ni haya: "Tupuuze ukinzani wa hewa." Jiwe linarushwa, tupuuze hewa. Timazi inabembea, tupuuze uzito wa uzi. Kigari kinateremka kwenye mteremko, tupuuze msuguano. Ndivyo fizikia inavyofanya kazi: unaondoa vurugu moja baada ya nyingine mpaka kanuni ibaki peke yake, uitazame vizuri. Nililipenda jambo hilo, na bado nalipenda. Kisha nikaenda ng'ambo kusoma uhandisi wa anga, na wiki ya kwanza tu nikakuta hewa niliyoipuuza miaka yote ndiyo somo lenyewe.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa. Ana shahada ya fizikia au anakaribia kuimaliza, moyo wake uko kwenye ndege, roketi au setilaiti, na hajui kama mlango uko wazi. Uko wazi. Ila una kizingiti, nacho hakikuwa mahali nilipokitarajia.

Mimi nilitarajia hisabati ngumu. Barua mbili za kwanza kutoka vyuoni zilikuwa za kunikataa, na sababu zake zilifanana: matokeo yangu hayakuonyesha statiki, uimara wa vifaa, mekanika ya giligili (yaani vitu vinavyotiririka, kama hewa na maji), nadharia ya udhibiti wala michoro ya kihandisi. Nilikuwa na mekanika ya kwantamu, sumakuumeme na fizikia ya takwimu, tena kwa alama nzuri, lakini wasomaji wa maombi hawakuwa na safu ya kuziweka. Nilichelewa kuelewa kazi yao. Barani Ulaya vyuo vingi huhesabu masomo kwa krediti za ECTS, 60 kwa mwaka mzima wa masomo. Mtu anakaa na shahada yako upande mmoja na shahada yao upande wa pili, anatafuta kinachooana. Jina la somo pekee halimwambii kitu. "Mekanika ya Kale" inaweza kuwa chochote.

Ombi la tatu nililiandika kwa namna nyingine. Kila somo nililieleza kwa aya nzima: saa za darasani, saa za maabara, mada kwa majina yake, kitabu kilichotumika. Somo lile lile la mekanika sasa lilionyesha kwamba nilitumia wiki kadhaa kwenye mizunguko ya vitu vigumu, yaani visivyopinda, jambo ambalo kwa mtu wa setilaiti ni mkate wa kila siku. Nikaambatanisha na ripoti ya mradi wangu wa mwisho, uliokuwa wa hesabu za mtiririko kwa kompyuta. Safari hii nikakubaliwa, kwa masharti: nifaulu masomo manne ya shahada ya kwanza ndani ya mwaka, sambamba na ya uzamili.

Ningeshauriwa mapema, ningeanza na vyuo vyenye utaratibu huo. Ujerumani kumpokea mtu kwa masharti ya namna hii ni jambo la kawaida. Uholanzi kuna programu za kuziba pengo kabla ya uzamili. Uingereza uzamili kwa kawaida huisha ndani ya mwaka mmoja, na kwa maoni yangu mwaka mmoja ni mfupi mno kwa mtu anayebeba madeni ya masomo manne. Nimewaona wenzangu walioweza. Nimewaona pia waliochoka kabla ya kufika kwenye kitu walichokuja kukisomea.

Basi nikaketi na vijana wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nikichora vipande vya chuma. Hapo ndipo nilipokutana na fundi mkerezaji wa karakana ya chuo.

Kazi ilikuwa kuchora kibano kidogo chenye tundu la pini. Nilichora kwa uangalifu mkubwa, nikaandika kipenyo cha tundu: milimita 10. Pini nayo milimita 10. Fundi akaushika mchoro wangu, akautazama kwa muda.

"Kijana, pini hii unataka iingie au isiingie?"

"Iingie, fundi."

"Iingie kwa mkono au kwa nyundo?"

"Kwa mkono."

"Mchoro wako haujaniambia."

Akanieleza bila haraka. Hakuna mashine inayotoboa milimita 10 kamili. Tundu likiandikwa 10H7, fundi yeyote duniani anayefuata viwango hivyo anajua kwamba linaruhusiwa kuwa kati ya milimita 10.000 na 10.015. Pini yake ikiandikwa g6, itapungua chini ya 10 kwa mikroni 5 hadi 14, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo tundu dogo kuliko yote na pini nene kuliko zote bado zitaachiana mikroni 5, na pini itaingia kwa mkono. Haya yote yanasomeka katika herufi mbili na tarakimu mbili.

Nilirudi chumbani nikiwaza jambo hilo usiku kucha. Katika maabara za fizikia nilifundishwa kwamba kila kipimo ninachochukua lazima kiandikwe pamoja na kiasi cha mashaka yake. Bila hicho ripoti inarudishwa. Haikuwahi kunijia kwamba kipimo ninachokiagiza nacho kina mashaka yake, na kwamba kuna mtu anayesubiri nimwambie ni kiasi gani nitakachokikubali.

Somo la uimara wa vifaa lilinipa mtikisiko wa aina hiyo hiyo. Kwangu metali ilikuwa springi: unaivuta, inarudi, hata mara milioni. Kisha tukasoma habari za Comet, ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti kuingia kazini. Mwaka 1954 ndege mbili za aina hiyo zilipasuka angani, Januari na Aprili, zikaanguka baharini karibu na Italia. Wachunguzi huko Farnborough, Uingereza, walichukua mwili wa ndege nyingine, wakauzamisha kwenye tangi la maji na kuujaza presha na kuipunguza, tena na tena, kuiga safari baada ya safari. Ukipiga hesabu ya safari zake za kweli na zile za tangini, ulipasuka baada ya mizunguko 3,000 na ushei. Metali ilikuwa imechoka. Hakuna pigo moja lililokuwa kubwa kupita kiasi. Ni mikunjo midogo iliyojilimbikiza. Springi yangu ya darasani haikuwa na kumbukumbu. Alumini inayo.

Aerodinamiki ndiyo iliyonipatanisha na hali yangu, kwa sababu historia yake ni historia ya kosa langu. Mwaka 1752 d'Alembert, mwanahisabati wa Ufaransa, alifikia kwa hesabu safi hitimisho la ajabu: kitu kinachosafiri kwa kasi isiyobadilika ndani ya giligili isiyo na mnato hakipati ukinzani wowote. Hesabu yake haina kosa. Mtu yeyote aliyewahi kutoa mkono nje ya dirisha la gari linalokwenda anajua kwamba jibu si la kweli. Mnato wa hewa ni mdogo sana, na wanahisabati waliona halali kuupuuza. Kitendawili hicho kilikaa zaidi ya miaka 150. Agosti 1904, kwenye mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg, Ludwig Prandtl alionyesha mahali mnato ulipojificha: kwenye tabaka jembamba linalogusa uso wa kitu. Mbali na hapo unaweza kuupuuza utakavyo. Ndani ya tabaka hilo, haiwezekani. Ukinzani unazaliwa humo, na humo ndimo hewa inapochoka na kubanduka kwenye bawa, ndege ikapoteza kani ya kuinua.

Prandtl alisomea uhandisi, na kabla ya kuwa profesa alifanya kazi kiwandani, akatengeneza upya mtambo wa kunyonya vumbi na mabaki ya kukereza. Mtiririko ndani ya bomba lililopanuka haukufuata alichotarajia, na swali hilo akaondoka nalo. Kwangu mimi aliyekuwa nikiona haya kuulizwa maswali ya karakana, habari hii ilikuwa na uzito.

Lakini siku iliyonigeuza kabisa ilikuwa ya somo la mielekeo ya setilaiti, yaani namna chombo kinavyogeuka na kuelekea kikiwa angani. Mwalimu alichora kopo refu ubaoni, akauliza: ukitaka chombo hiki kizunguke bila kuyumba, utakizungusha kwa mhimili upi? Hili nililijua. Kwenye mtihani wa mekanika niliwahi kuthibitisha, kwa milinganyo ya Euler, kwamba mzunguko unatulia kwenye mhimili wenye inesha (ukaidi wa kitu dhidi ya kuzungushwa) kubwa kuliko yote na kwenye ule wenye inesha ndogo kuliko yote. Wa kati ndio unaopinduka. Nikanyoosha mkono, nikasema upande wowote kati ya hiyo miwili unafaa, na kwa kopo refu mhimili wake wa urefu ni sawa.

Mwalimu akasema, "Ndivyo ilivyoaminika mwaka 1958." Akaonyesha picha ya Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani. Ilikuwa ndefu na nyembamba, na ilirushwa ikizunguka kwa mhimili wa urefu kama skrubu inayokazwa. Haikupita muda mrefu angani ikaanza kuyumba, kisha ikawa inabiringika kichwa kwa miguu. Kilichofanya hivyo ni antena nne laini kama fimbo za kuvulia samaki. Zilipopinda na kunyooka zilikula nishati kidogo kidogo na kuigeuza joto. Momenta ya mzunguko, kile kiasi cha mzunguko ambacho hakiwezi kupotea bila kani ya kuzungusha kutoka nje, ilibaki vile vile. Kitu kinachopoteza nishati huku momenta yake ya mzunguko ikibaki kinakimbilia mhimili mmoja tu: ule wenye inesha kubwa.

Uthibitisho wangu wa mtihani haukuwa na kosa. Ulikuwa wa kitu kigumu kabisa, na hakuna kitu kama hicho kwenye roketi. Lakini kilichonikaa ni kwamba maelezo ya kilichotokea nayo yalikuwa fizikia, tena fizikia ninayoijua: nishati na momenta ya mzunguko. Hakuna elimu mpya iliyohitajika, ila mtu wa kuuliza ni kitu gani kwenye chombo hiki kinachopinda.

Muhula wa pili nikapata nafasi ya kuonyesha kama nilijifunza, na nikashindwa.

Tulikuwa wanafunzi saba, tunajenga setilaiti ndogo ya mafunzo kwa kiwango cha CubeSat, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kiwango kilichobuniwa mwaka 1999 na maprofesa wawili wa California kwa ajili ya wanafunzi. Mimi nilipewa upande wa joto. Ilionekana ni haki yangu, kwa kuwa mionzi ya joto ni fizikia tupu. Chombo kilichoko kilomita 400 juu kinazunguka dunia kwa dakika 92 au 93, kinaingia kivulini na kutoka, kinapigwa na jua la wati kama 1,361 kwa kila mita ya mraba, na kila kilichonacho lazima kikitupe kwa mionzi. Niliandika programu yangu mwenyewe. Kisanduku cha redio kilifungwa kwa bolti nne kwenye bamba la alumini. Joto litoke kisandukuni, lipite kwenye bamba, liende ukutani. Jibu langu lilikuwa nyuzi 41. Tulipokiwasha mezani kikafika nyuzi 38. Nikafurahi.

Kwenye chemba ya ombwe, iliyoondolewa hewa ili kuiga anga za juu, kilipita nyuzi 41 kikaendelea kupanda. Kilipofika 63 msimamizi akazima umeme.

Sababu niliipata usiku huo, na ilikuwa rahisi. Nilichukulia kwamba kisanduku na bamba vimegusana kikamilifu. Nyuso mbili za metali zinazoonekana laini zina vilima na mabonde yasiyoonekana, na zinagusana kwenye ncha za vilima tu. Hewani, mabonde hayo yamejaa hewa, nayo inapitisha joto kiasi. Ondoa hewa, yanabaki matupu, na joto lote linang'ang'ania njia zile chache. Jaribio la mezani lilinidanganya kwa sababu hewa niliyoisahau ilikuwa ikinisaidia pande zote mbili: ilipoza kisanduku kwa nje na ilijaza mabonde kwa ndani.

Dawa yake ilikuwa karatasi laini ya kupitisha joto chini ya kisanduku, na kuandika kwenye mchoro kila bolti ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Ila kufika pale ilibidi kufumua karibu chombo kizima. Mwenzetu aliyetengeneza betri alikuwa amekesha kuunganisha nyaya zake, sasa azikate. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Tukaikosa tarehe yetu ya ukaguzi.

Nilikwenda kwa msimamizi kuomba radhi. Nilitegemea aniulize kwa nini nilipuuza mguso ule. Aliuliza kitu kingine.

"Ulipoupuuza, uliandika wapi?"

Sikuwa nimeandika popote. Ilikuwa ndani ya programu, mstari mmoja, na hata mimi sikukumbuka kwamba ni chaguo nililolifanya. Akanieleza kwamba hakuna mhandisi asiyepuuza; asiyepuuza hamalizi kazi. Ila kila kinachopuuzwa kinaandikwa mahali ambapo wengine sita watakiona: nini, kwa nini, kikiwa si kweli jibu litabadilika kwa kiasi gani, na nani aliyekubali. Mwenzangu wa betri alishawahi kuona tatizo la mguso kwenye mradi mwingine. Angesoma mstari ule angenistua siku hiyo hiyo.

Tangu hapo nina daftari la madhanio kwa kila kazi. Mtu wa fizikia anayekwenda kwenye uhandisi, kama atachukua jambo moja tu kutoka kwangu, nampa hili. Ujuzi wako wa kupuuza ni hazina. Ni wachache darasani watakaouweza kama wewe. Uandike tu.

Na hazina zipo nyingine. Wenzangu wengi walifundishwa kuiamini programu ya kompyuta ya mtiririko wa hewa, na kwa haki, maana wanaijua kwa undani. Siku moja picha nzuri za rangi zilitupa ukinzani ulioonekana mkubwa kwangu. Nikachukua karatasi, nikakadiria kwa mistari mitano, nikapata nusu yake. Mtu alikuwa ameingiza eneo la rejea, lile ambalo programu hugawia ukinzani, la nusu bawa kwenye umbo la bawa zima. Kukadiria kabla ya kukokotoa, kuuliza kama vizio vinaoana, kukagua kama nishati imehifadhiwa, hayo ni mazoea ya fizikia, na hayana bei. Vizio pekee vimewahi kupoteza chombo kizima: Mars Climate Orbiter, iliyotumwa Mirihi, ilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa ratili na nyingine ikazisoma kama nyutoni.

Kuna pia pembe za fani hii ambako mwanafizikia anakuwa nyumbani. Kwangu ilikuwa injini za ayoni, zinazosukuma chombo kwa kutupa nyuma chembe zenye chaji ya umeme. Wakati wa mihadhara ya plazma wenzangu walihangaika, mimi nikapumua. Chombo cha Dawn, kilichorushwa 2007, kilifika Vesta mwaka 2011 kisha kikaenda Ceres kikafika 2015, zote zikiwa kwenye ukanda wa asteroidi kati ya Mirihi na Mshtarii, kikisukumwa na injini yenye kani ya milinyutoni 90 hivi, takriban uzito wa karatasi mbili za kuandikia. Inasukuma kwa miezi, kwa miaka, hadi kasi inajumlika. Tasnifu yangu niliiandika huko.

Jambo la mwisho ni la sheria, na ningependa mtu angeniambia kabla sijajaza fomu ya kwanza. Roketi na setilaiti ni fani inayolindwa na serikali. Marekani ina kanuni za ITAR, ambazo zinazuia taarifa za kiufundi za roketi na baadhi ya setilaiti kufika kwa mtu asiye raia au mkaazi wa kudumu bila kibali, hivyo milango mingi ya kazi huko imefungwa kwa mwanafunzi mgeni hata awe hodari vipi. Shirika la anga la Ulaya, ESA, kwa kawaida huajiri raia wa nchi wanachama na zile zenye mikataba nalo. Ndege za kiraia, utafiti vyuoni, hali ya hewa, uchakataji wa takwimu za setilaiti, huko kuko wazi zaidi. Ulizia hili mapema, chuo kwa chuo, nchi kwa nchi, na uulize wahitimu wa kigeni wa programu hiyo wako wapi sasa.

Karibu na kumaliza nilirudi karakanani na mchoro mwingine, wa kishikizo cha injini yangu ya majaribio. Fundi yule yule aliupokea. Alipitisha kidole kwenye kila kipimo, polepole: matundu, pini, ulaini wa uso unaokutana na bamba, nguvu ya kukaza bolti. Hakuuliza swali. Alipofika kona ya chini kulia, kwenye kisanduku kidogo cha majina, akasimama.

"Hapa hujajaza," akasema, akanipa kalamu.

Nikaandika jina langu na tarehe. Akauchukua mchoro, akaenda kuwasha mashine.